Stempu moja, uongo wa aina mbili

Mwaka 1899 Mumias ilikuwa Uganda. Boma la serikali lililokuwa karibu na makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, lilipokea amri kutoka Entebbe, na mpaka wa Himaya ya Uganda ulifika mashariki hadi Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 ndipo mkoa huo ulipokabidhiwa Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye ingeitwa Kenya. Kwa hiyo ukiletewa hati inayodaiwa kuandikwa Mumias mwaka 1899, nayo imebandikwa stempu ya Himaya ya Afrika Mashariki na kugongwa muhuri mzuri wa duara, usikimbilie kioo cha kukuzia. Historia imeshaitilia shaka kabla jicho halijaikagua.

Nimeanza hapo kwa makusudi. Watu wengi huamini kwamba kutambua muhuri wa kughushi ni kazi ya mashine na maabara. Maabara ina nafasi yake, na nitaifikia. Lakini mara nyingi anayetoa uamuzi wa maana kuhusu stempu ya zamani ya ushuru ni yule anayejua nani alitawala wapi, kwa fedha gani, katika mwaka upi. Eneo hili la Kakamega, ambamo Mumias imo, limebadilishiwa mambo hayo mara kadhaa, na kila badiliko limeacha mtego ambao mghushi huukanyaga bila habari.

Wala jambo hili si la wakusanyaji stempu peke yao. Katika boma nyingi za Kakamega kuna sanduku la bati lenye karatasi za wazee: kipande, stakabadhi za kodi, risiti za duka, makubaliano ya kuuziana shamba yenye stempu pembeni. Mzee akishafariki na watoto wakaanza kuzozania mpaka, sanduku hilo hufunguliwa. Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 480, inasema hati inayostahili kulipiwa ushuru haipokelewi mahakamani kama ushahidi, isipokuwa katika kesi ya jinai, mpaka iwe imelipiwa. Ndiyo maana stempu huipa karatasi uzito machoni pa watu, na ndiyo maana mtu mwenye nia mbaya hutamani kuiongeza, pamoja na muhuri wake, miaka mingi baada ya tarehe iliyoandikwa.

Katika enzi ya ukoloni stempu ileile ilitumika kwa barua na kwa ushuru. Toleo la mwaka 1912 la Afrika Mashariki na Uganda lilipanda hadi rupia 500, wakati ambapo rupia 15 zilikuwa pauni moja. Toleo la Kenya na Uganda lililoanza mwaka 1922, lenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, lilifika pauni 100. Hakuna bahasha iliyohitaji stempu ya pauni 100. Stempu kama hizo zilibandikwa kwenye hati za ardhi, za kampuni na za mirathi, kisha afisa akazifuta kwa kalamu, kwa muhuri wa ofisi au kwa kuzitoboa.

Hapo ndipo uongo unapogawanyika mara mbili. Mkusanyaji wa stempu hulipa fedha nyingi kwa stempu ya thamani kubwa iliyogongwa muhuri wa posta, na hulipa sehemu ndogo tu ya bei hiyo kwa stempu ileile iliyofutwa katika ofisi ya ushuru. Katalogi ya Stanley Gibbons hutenganisha bei hizo mbili. Basi mjanja huchukua stempu iliyofutwa kwa wino, akaiosha kwa kemikali, akagonga juu yake muhuri bandia wa posta. Mghushi wa hati za ardhi hufanya kinyume chake. Yeye huitafuta stempu ya zamani isiyotumika, au iliyooshwa, akaibandika kwenye karatasi na kugonga muhuri wa ofisi ya serikali. Mmoja anataka kukuaminisha kwamba stempu ilisafiri na barua. Mwingine anataka kukuaminisha kwamba ililala mezani kwa Kamishna wa Wilaya. Kabla ya kuuliza kama muhuri ni wa kweli, jiulize kwanza uongo wake, kama upo, ungemnufaisha nani. Jibu la swali hilo litakuonyesha pa kutazama.

Serikali yenyewe iliujua mchezo wa kuosha tangu zamani, maana aliyeibiwa kwanza ni hazina. Karani aliyebandua stempu iliyotumika, akaisafisha na kuibandika tena, aliweka ushuru mfukoni. Kampuni ya De La Rue ya London, iliyochapa stempu za makoloni mengi ya Uingereza, ilitengeneza wino dhaifu wa zambarau na wa kijani ambao huchuruzika ukiguswa na maji au kemikali. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 stempu nyingi zilichapwa pia kwenye karatasi iliyopakwa chokaa laini, ili atakayejaribu kuufuta muhuri aondoke na picha pia. Kwa hiyo stempu ya kijani iliyogeuka manjano, au ya zambarau iliyopauka huku muhuri wake ukiwa mweusi na imara, inakuambia kwamba ilioga kabla ya muhuri huo kugongwa.

Sasa tuchukue mfano, nao ni mfano tu. Mtu analeta makubaliano ya mwaka 1934 yanayohusu haki ya kuchimba dhahabu karibu na Rosterman, hapa Kakamega. Mwaka huo una uzito hapa. Mmarekani L. A. Johnson alipata dhahabu Kakamega mwaka 1931, na muda si mrefu wazungu wakamiminika kutoka mashamba ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yaliyokuwa yameporomokewa na bei za mazao. Desemba 1932 serikali ya koloni iliibadilisha haraka Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji ya mwaka 1930, ambayo haikuwa na umri hata wa miaka mitatu, ili ardhi iweze kutwaliwa kwa uchimbaji bila wenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Ahadi ya sheria hiyo ilivunjwa kwa kalamu. Karatasi ya kweli ya miaka hiyo ni shahidi wa jinsi shamba la mtu lilivyotoka mikononi mwake, na anayeighushi huwaibia wenye ardhi hao mara ya pili, kwa kuwa huwafanya mahakimu na wanahistoria waitilie shaka hata ile iliyo halali.

Tazama stempu kwanza. Hati ya 1934 inapaswa kuwa na stempu ya Kenya na Uganda yenye George wa Tano. Stempu zenye majina matatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, zilianza tarehe 1 Mei 1935. Katika stempu za kawaida, sura ya George wa Sita ilikuja mwaka 1938, ya Malkia Elizabeth mwaka 1954, na Kenya ikapata stempu zake yenyewe siku ya uhuru, tarehe 12 Desemba 1963. Stempu iliyozaliwa baada ya tarehe ya hati haina utetezi wowote. Kinyume chake kina utetezi: ofisi ya mbali iliweza kumaliza akiba ya stempu za zamani kwa miaka kadhaa, hivyo stempu kongwe kwenye hati mpya haithibitishi udanganyifu. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu nimesikia watu wakiikataa karatasi nzuri kwa sababu tu stempu yake ilitangulia kidogo.

Kisha fedha. Rupia ilitumika hadi mwaka 1920, ikafuatwa na florini iliyodumu kwa muda mfupi mno, ndipo shilingi ikaingia. Makubaliano ya 1915 yanayotaja shilingi kama malipo ya kawaida ya kijijini yanahitaji maelezo ya kina.

Kisha jina la ofisi ndani ya muhuri. Makao ya wilaya yalitoka Mumias yakaja Kakamega, lakini wilaya yenyewe iliitwa North Kavirondo. Mwaka 1948 jina likabadilika kuwa North Nyanza. Mkoa wa Magharibi haukuwapo hadi mwaka 1963. Kabla ya hapo Kakamega ilikuwa chini ya Mkoa wa Nyanza. Mghushi wa leo aliyezaliwa na kukulia akisikia “Wilaya ya Kakamega” huyachonga maneno hayo kwenye mpira wa muhuri na kuyapa tarehe ya 1934. Mkono wake hautetemeki na wino wake ni mzuri, ila ofisi aliyoiandika haikuwapo.

Hata siku ya wiki huzungumza. Tarehe 5 Mei 1935 ilikuwa Jumapili. Muhuri wa masjala ya mahakama wenye tarehe hiyo unadai kwamba karani alikuja kazini siku ya ibada, katika wilaya iliyojaa wamisheni. Si jambo lisilowezekana, lakini mwenye hati anapaswa kulieleza.

Baada ya hayo yote, ndipo uchukue kioo cha kukuzia. La kwanza ni kuona kama muhuri au sahihi inavuka kutoka kwenye stempu hadi kwenye karatasi bila kukatika. Sheria ilimtaka anayetia stempu aifute kwa kuandika jina lake au herufi za jina pamoja na tarehe, na desturi ilikuwa kuuvusha mstari hadi kwenye hati. Fuata mstari huo pale unapoteremka ukingoni mwa stempu. Kama stempu ilibandikwa kwanza, wino huteremka ukingo, hujaa kidogo kwenye meno ya stempu, kisha huendelea. Kama stempu ilihamishwa kutoka hati nyingine, mistari haikutani vizuri, au sehemu iliyo kwenye karatasi ina rangi tofauti kwa sababu iliongezwa baadaye.

Tazama pia mikunjo. Karatasi zilizokaa sandukuni hukunjwa mara nne, na nyuzi za karatasi huvunjika penye mkunjo. Wino ulioandikwa kabla ya kukunjwa huvunjika pamoja na karatasi. Wino ulioandikwa baada ya kukunjwa hunywewa na nyuzi zilizo wazi na kusambaa pembeni kama maji ya mvua katika mfereji uliopasuka. Ukiona sahihi ya “1934” imesambaa ndani ya mkunjo, umepata jambo zito kuliko maoni ya mashahidi wengi.

Kalamu nayo ina umri wake. Wino wa zamani wa chuma huingia ndani ya karatasi na kugeuka kahawia kadiri miaka inavyopita, na mara nyingine huitoboa karatasi. Kalamu ya wino yenye gololi, ile tunayoiita biki, iliingia madukani mwishoni mwa mwaka 1945 huko Marekani. Gololi yake huacha mfereji mdogo na vipande vizito vya wino kwenye kona za herufi. Hakuna chifu wala mwenye duka aliyeitumia Kakamega mwaka 1934.

Na taa? Maduka mengi ya M-Pesa mjini yana kitaa cha urujuanimno cha kukagulia noti. Zima taa za chumba, uangazie hati. Karatasi za kisasa hupakwa kemikali za kuzing’arisha, kemikali ambazo zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nazo hung’aa buluu kali chini ya taa hiyo. Karatasi ya 1934 hubaki hafifu. Wino wa chuma uliooshwa nao huacha alama, kwani mabaki ya chuma hunyonya mwanga na jina lililofutwa huweza kuonekana kama kivuli. Sisemi mwenye duka ageuzwe mtaalamu wa mahakama. Wachunguzi wa hati wa Idara ya Upelelezi wa Jinai wana vifaa bora na kiapo cha kitaaluma. Lakini kitaa hicho kinaweza kumwokoa mjane asiuze ng’ombe ili amlipe wakili kwa kesi ya karatasi iliyochapwa juzi.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo linaniuma zaidi, nalo ni kuikataa alama ya kweli kwa sababu haina umaridadi. Mihuri halisi ya ofisi za mbali ilikuwa na wino mkavu, ikagongwa upande, ikapindua tarakimu ya mwaka. Mghushi hugonga katikati ya stempu kwa usafi, kwa sababu anauza picha. Karani aliyekuwa na foleni ya watu hakuwa na haja ya picha. Tukumbuke pia kwamba aliyefuta stempu ya risiti si lazima awe afisa. Wenye maduka Wahindi waliandika kwa Kigujarati, na Mumias, mji wenye Waislamu wa miaka mingi waliotokana na njia ya misafara kutoka pwani, ulikuwa na watu waliotia sahihi kwa herufi za Kiarabu. Mistari hiyo ambayo mjukuu huiona kama uchafu juu ya stempu huwa ni jina kamili na tarehe.

Na wale ambao hawakujua kuandika waliweka dole gumba. Alama ya kidole iliyovuka stempu hadi kwenye karatasi ni ngumu kuighushi kwa umbo linaloaminika, na kwangu ndiyo yenye heshima kuliko zote, kwa kuwa huyo mtu hakumwachia karani aseme kwa niaba yake. Inasikitisha kuona familia ikiificha kwa aibu na kutanguliza karatasi nyingine yenye sahihi nzuri ya asiyejulikana.

Uganda ile iliyokuwa ikiitawala Mumias inatupa mfano bora wa alama ya kweli isiyo na umaridadi. Mwaka 1895 Mchungaji Ernest Millar wa misheni ya CMS, pale Mengo, alipiga stempu kwa mashine ya kuandikia, bei zake zikiwa kwa kauri, simbi zilizotumika kama fedha. Ni kati ya stempu zinazotafutwa sana Afrika, na zinazoghushiwa sana. Nyingi za kweli zilifutwa kwa kuchorwa msalaba kwa kalamu. Anayezitafuta akidai muhuri wa duara wenye tarehe iliyo wazi anajipeleka mwenyewe kwa tapeli.

Matapeli wenyewe hawakuwa watu wa mitaani tu. London, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kulikuwa na mihuri bandia ya posta za makoloni iliyotumiwa na wauzaji stempu, na leo inajulikana kwa jina la Madame Joseph. Mamia ya mihuri hiyo iliishia mikononi mwa Chama cha Kifalme cha Wakusanyaji Stempu cha London, kikaichapisha ili wanunuzi waitambue. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa tarehe. Muhuri wa posta wa kweli hubadilishwa tarakimu kila siku, bali wa kughushi huchongwa na tarehe moja na kutumika miaka na miaka. Ukiona stempu tano za bei kubwa, kutoka kwa wauzaji watano, zote zikiwa na mji uleule na siku ileile, usifurahie bahati ya kuzipata. Kanuni hiyohiyo inafaa katika hati za ardhi: mghushi wa mtaani huwa na muhuri mmoja, na wateja wake wote hujikuta “walinunua” mashamba katika wiki moja.

Ushahidi huu wote huweza kupotea kwa njia mbili ambazo nimeziona zikitumika kwa nia njema. Ya kwanza ni kuibandua au kuikata stempu ili iuzwe. Stempu pekee, bila karatasi yake, haina tena mstari wa kufuatilia, wala mkunjo, wala jina la muuzaji. Wanunuzi makini wa stempu za ushuru, wale wanaotumia katalogi ya John Barefoot, huithamini hati nzima. Ya pili ni kuifunika karatasi kwa plastiki ya moto katika duka la fotokopi. Plastiki hiyo huyeyuka ndani ya nyuzi, ikazuia wino usipimwe na nyuma ya stempu isionekane, na kuiondoa ni kuichana hati. Bahasha safi ya karatasi, mahali pakavu, inatosha. Piga picha pande zote mbili, kisha uache kuishikashika.

Hatua inayobaki ni kulinganisha, nayo inawezekana bila kuvuka bahari. Idara ya Nyaraka za Taifa, ambayo Nairobi pia inahifadhi mkusanyiko wa stempu za Afrika wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, ina kituo cha kumbukumbu hapa Kakamega. Mafaili ya wilaya hii katika nyaraka hizo yana alama ya DC/NN, na ndani yake mna barua na ripoti ambazo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzighushi. Mihuri iliyomo ndiyo kipimo.

Kinachotafutwa humo ni zaidi ya mfanano. Muhuri wa mpira au wa chuma huchakaa: herufi hupoteza mguu, ukingo hupata ufa, nafasi kati ya tarakimu huongezeka. Makosa hayo hayarudi nyuma. Tuseme mafaili yanaonyesha kwamba ukingo wa muhuri fulani wa Kamishna ulipasuka chini ya herufi K kufikia mwaka 1936, na ufa ukazidi kupanuka kila mwaka hadi muhuri ulipobadilishwa. Hati yako ina muhuri huohuo, maneno yaleyale, ukubwa uleule, tarehe ya 1938, na ukingo mzima kabisa. Mwenye kuchonga muhuri huo alikuwa na nakala nzuri ya kuigiza, ila nakala hiyo ilikuwa ya mwaka mwingine.